Wabeba mpira wa Marekani: nani alidumu, na nani aliondoka na magoti yake?

Kuna swali niliulizwa kwa simu mwezi uliopita ambalo sikuweza kulijibu papo kwa papo, na kwa kuwa si desturi yangu kumrudisha mtu mikono mitupu, niliomba muda. Binti wa dada yangu, anayeishi na mumewe katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani, alinipigia baada ya swala ya isha. Tulipokwisha kujuliana hali akaniambia, "Mjomba, nimechoka. Mtoto huyu hanisikii mimi wala hamsikii babake. Labda wewe atakusikia." Mtoto mwenyewe ana miaka 15, ana mbio kama swara, na mwalimu wa michezo wa shule yao anamtaka aingie katika timu ya futiboli, ile ya Kimarekani, awe mbeba mpira. Fomu imekwisha letwa nyumbani. Inangoja sahihi ya mzazi.

Nikataka nipewe mtoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nieleze, mchezo huo una nini?"

Akanieleza nusu saa nzima. Kumbe alikuwa amepelekwa na shule yake mji wa Canton, hapo hapo Ohio, ambako tangu mwaka 1963 pana nyumba ya makumbusho ya mabingwa wa mchezo huo, na sanamu za shaba za vichwa vyao zimepangwa safu kwa safu. (Sisi na masanamu tunajuana, lakini hilo tuliache.) Hoja yake kubwa ilikuwa moja: Emmitt Smith alicheza miaka 15, akavunja rekodi zote, na baada ya kustaafu alishinda mashindano ya dansi katika televisheni mwaka 2006. "Miguu yake mizima, babu. Sasa mama anaogopa nini?"

Hapo ndipo nilipoomba muda. Nimesoma habari za watu hawa kwa wiki tatu, usiku baada ya kazi, na niliyoyaona nayaweka hapa, maana najua si binti yetu peke yake mwenye fomu juu ya meza.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu, asiufananishe na kandanda yetu. Mpira wenyewe ni mrefu wenye ncha mbili, na hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nne nyingine, isipofaulu mpira huwa wa wenzao. Mtu akivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi, hiyo huitwa tachidauni, na thamani yake ni pointi sita. Njia za kusogea ni mbili: kuurusha mpira hewani, au kumpa mtu mmoja aukumbatie kifuani apasue nao katikati ya watu. Huyo wa pili ndiye mbeba mpira. Mbele yake wapo wenziwe wa kumkingia, watu wa kilo mia na zaidi, na mbele ya hao wapo wengine wa uzito huo huo ambao riziki yao ni kumwangusha. Nao humwangusha. Karibu kila apewapo mpira mwisho wake ni chini, na aghalabu aliye juu yake si mtu mmoja bali watatu au wanne.

Sasa tuje kwenye hesabu. Huyo Emmitt Smith, aliyechezea Dallas Cowboys kuanzia 1990 hadi 2002 na kisha Arizona Cardinals miaka miwili, alipewa mpira mara 4,409 katika michezo 226, akakusanya yadi 18,355. Hakuna aliyepata kufika hapo. Lakini ukizigeuza yadi hizo kuwa kilomita, hazifiki 17. Ni kama mwendo wa kutoka Mombasa mjini hadi Mtwapa, ambao kijana akitoka alfajiri kwa miguu ataumaliza kabla jua halijawa kali. Yeye ulimchukua miaka 15, na njia nzima alikuwa akiangushwa. Chama cha wachezaji wenyewe husema kwamba mbeba mpira wa kawaida hadumu hata miaka mitatu katika ligi kuu ya NFL. Kwa hiyo mjukuu wangu alipomshika Smith kuwa ndiye kielelezo, alimshika aliyewasili akawasahau waliobaki njiani.

Katika Ohio hiyo hiyo anakoishi alikuwako mtu aliyeondoka kwa namna nyingine kabisa. Jim Brown alizaliwa 1936 katika kisiwa cha St. Simons, jimbo la Georgia, akajiunga na Cleveland Browns mwaka 1957. Alicheza misimu tisa, na katika minane aliongoza ligi nzima kwa yadi. Msimu wakati huo ulikuwa wa michezo 12, na kuanzia 1961 ukawa 14, si 17 kama ulivyofanywa mwaka 2021. Jumla alicheza michezo 118, wala hakukosa hata mmoja. Yadi zake ni 12,312: kila apewapo mpira, zaidi ya yadi tano, kila mchezo, zaidi ya yadi 104. Katika wale walioicheza kazi hii kwa miaka mingi hapana mwingine mwenye wastani wa mchezo kama huo.

Brown alikuwa na hila moja iliyonipendeza. Kila alipoangushwa aliinuka polepole, kama mzee anayejiinua mkekani, awe ameumia asiwe ameumia. Siku aliyoumia kweli, adui hakuwa na njia ya kujua.

Mwaka 1966 alikuwa Uingereza akiigiza katika filamu ya The Dirty Dozen. Kazi ya kupiga picha ikachelewa, mazoezi ya timu yakakaribia, na mwenye timu, Bw. Art Modell, akatangaza kwamba atamtoza faini kwa kuchelewa kwake. Brown akajibu kwa kuacha mchezo moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka 30, na msimu uliotangulia alikuwa ameongoza ligi kwa yadi 1,544 na kuchaguliwa mchezaji bora. Aliondoka angali bora kuliko wote, kwa miguu yake mwenyewe.

Wasomaji wetu wengi watamkumbuka Brown kwa jambo jingine. Mwezi Juni 1967, Muhammad Ali alipokuwa amekataa kuandikishwa jeshini na dunia nzima ya ndondi imemgeuzia mgongo, Brown ndiye aliyewaita wanamichezo weusi pale Cleveland wakamsikiliza Ali na kusimama naye hadharani. Miongoni mwao alikuwa Bill Russell, na kijana wa chuo aliyeitwa Lew Alcindor, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Haki ni haki, na lingine pia lisemwe: nyumbani kwake Brown hakuwa mtu wa kupigiwa mfano, alishtakiwa zaidi ya mara moja kwa ukali juu ya wanawake, na mwaka 2002 alikaa jela kwa kukataa adhabu aliyopewa na mahakama baada ya kuvunja gari la mkewe. Alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 87.

Wapo wanaosema: lau Brown angalicheza michezo 226 kama Smith, kwa wastani wake angalipita yadi 23,000. Hesabu hiyo ni tamu lakini ni ya karatasini. Wastani ule ni wa mwili usiozidi miaka 30. Angalikaa hadi 35, wastani wenyewe ungalishuka, kama ulivyoshuka wa kila mmoja aliyekaa. Ndiyo sababu kumlinganisha aliyeondoka mapema na aliyedumu ni kama kupima shairi la beti tano kwa utenzi wa beti elfu. Kila kimoja kina mizani yake.

Na shairi fupi kuliko yote ni Gale Sayers. Aliingia Chicago Bears mwaka 1965, na msimu ule ule wa kwanza akafunga tachidauni 22, sita kati ya hizo katika mchezo mmoja wa Desemba dhidi ya San Francisco, uwanja ukiwa tope tupu na wenziwe wakiteleza. Novemba 1968 goti lake la kulia likagongwa kutoka upande, kano zikakatika. Siku zile tabibu alilipasua goti lote ili kuzishona, na aliyepasuliwa hivyo kwa kawaida hakurudi kuwa yule wa kwanza. Sayers alirudi. Mwaka 1969 aliongoza ligi kwa yadi 1,032, ingawa waliomwona walisema ile kasi ya ghafla, ile ya kugeuka hewani, haikurudi naye. Kisha likaharibika goti la pili. Michezo 68, yadi 4,956, basi. Hata hivyo mwaka 1977 waliingiza jina lake Canton akiwa na miaka 34, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Katika uzee akapatwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki Septemba 2020.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni Earl Campbell.

Alizaliwa 1955 huko Tyler, Texas, mji unaosifika kwa mawaridi, katika nyumba ya watoto 11. Baba alifariki watoto wangali wadogo, na mama akawalea kwa kazi za mikono, watoto nao wakifanya kazi katika mashamba ya mawaridi. Mwaka 1978 Campbell alichukuliwa na Houston Oilers kabla ya kijana mwingine yeyote, na katika fedha zake za mwanzo akamjengea mamake nyumba. Miaka yake mitatu ya kwanza aliongoza ligi yote mitatu. Mwaka 1980 peke yake alipata yadi 1,934, na katika michezo minne ya msimu huo alipita yadi 200.

Campbell hakuwa mtu wa kukwepa. Alikuwa na mapaja kama shina la mbuyu, na mkabaji akisimama mbele yake aliinamisha kichwa akampitia kifuani. Watu walishangilia. Walimu wakaendelea kumpa mpira, mara 373 katika msimu ule mmoja wa 1980, kwa kuwa kila wakimpa walisonga mbele. Mimi nauliza, na naomba msomaji naye ajiulize: aliyeambiwa "mpe tena" alikuwa akihesabu nini? Mwaka 1981 nguvu ikaanza kupungua. Akauzwa New Orleans 1984, na baada ya msimu wa 1985 akaacha, michezo 115, yadi 9,407, umri miaka 31. Karibu umri ule ule wa Brown! Ila Brown alitoka na mwili wake. Campbell uti wa mgongo ulikuja kumbana mishipa ya fahamu, magoti yakafanyiwa upasuaji, na angali mtu wa makamo akawa hawezi kwenda ila kwa fimbo, kisha kwa kiti cha magurudumu.

Ukiweka watu hawa wawili mbele yako utaona kwamba umri wa mchezaji hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Mwili nao una daftari lake.

Walter Payton ndiye anayetatiza kila kanuni. Alitoka Columbia, Mississippi, akasoma chuo cha watu weusi cha Jackson State, akaingia Chicago Bears mwaka 1975. Naye hakuwa mkwepaji. Alipoona hana pa kupita, badala ya kutoka nje ya mstari ajinusuru, alimwendea mkabaji akampiga yeye kwanza. Kwa haki angaliisha kama Campbell. Lakini alicheza misimu 13, michezo 190, na alikosa mmoja tu, katika mwaka wake wa kwanza. Siri yake ilikuwa kilima. Katika miezi ambayo wenziwe walipumzika, yeye alikuwa akikipanda kilima kimoja kwa mbio, anashuka, anapanda tena, na wachezaji waliokwenda kujaribu naye waliishia kutapika. Novemba 1977, akiwa na homa, alipata yadi 275 katika mchezo mmoja. Tarehe 7 Oktoba 1984 aliipita rekodi ya Brown, na alipostaafu baada ya msimu wa 1987 alikuwa na yadi 16,726.

Januari 1986 Bears walishinda Super Bowl kwa 46 kwa 10, na katika pointi zote hizo Payton hakupewa tachidauni hata moja. Mojawapo alipewa William Perry, pande la mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa ulinzi. Payton alinuna siku hiyo. Namwelewa. Alifariki Novemba 1999, miaka 45 tu, kwa maradhi ya ini na saratani ya mirija ya nyongo, ambayo hayakutokana na mchezo. Mtu aliyekosa mchezo mmoja katika miaka 13! Ajali haina daftari la mazoezi.

Mwaka huo huo wa 1999 rekodi yake ilikuwa inangoja kuvunjwa na Barry Sanders wa Detroit Lions. Sanders alikuwa mfupi, mwepesi, na mkwepaji ambaye sijaona mfano wake katika kanda zote nilizotazama. Mtu anamrukia, anakumbatia hewa. Misimu 10, michezo 153, yadi 15,269, wastani karibu yadi 100 kila mchezo. Zilibaki yadi 1,457 kumfikia Payton, jambo la msimu mmoja kwake. Mwezi Julai, mazoezi yakikaribia kuanza, akatuma barua kwa faksi kwa gazeti la mji wa kwao, Wichita, kwamba ameacha. Hakuwa mgonjwa wala hakuumia. Alikuwa na miaka 31, amechoka na timu isiyoshinda.

Watu wa Detroit walikasirika miaka mingi. Lakini aliyemjua asingalishangaa. Mwaka wake wa kwanza, 1989, mchezo wa mwisho ulipokuwa unamalizika na ushindi umekwisha patikana, mwalimu alimwambia kuwa zimebaki yadi 10 tu awe wa kwanza katika ligi nzima. Sanders akasema waachiwe wengine wacheze. Heshima ile ikamwendea Mwafrika mwenzetu, Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, ambaye alikwenda Marekani kurusha kisahani na mpira ule hakuushika mpaka alipofika chuoni kule. Okoye yadi 1,480, Sanders 1,470. Naye Okoye, jitu lililotisha ligi nzima, alidumu misimu sita tu.

Wengine nitawapitia upesi. Terrell Davis wa Denver alipata yadi 2,008 mwaka 1998 na vikombe viwili vya Super Bowl, goti likaharibika mwaka uliofuata, akaishia michezo 78. Bo Jackson aliyecheza pia besiboli alivutwa mguu Januari 1991, nyonga ikatoka, mfupa ukakosa damu, michezo 38. O.J. Simpson alikuwa wa kwanza kupita yadi 2,000, mwaka 1973 kwa michezo 14 tu, na yaliyomfuata mahakamani dunia nzima inayajua. Na yuko Mwislamu mmoja wa kukumbukwa, Sharmon Shah, aliyejiita Karim Abdul-Jabbar hata yule wa mpira wa kikapu akamshtaki kwa ajili ya jina. Baadaye akawa Abdul-Karim al-Jabbar. Mwaka 1997 akiwa Miami alifunga tachidauni 15 kwa kukimbia. Kufikia mwisho wa 2000, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Narudi kwa Smith wa mjukuu wangu. Sitaki kumpunja. Januari 1994 bega lake lilichomoka katikati ya mchezo dhidi ya New York Giants, akaendelea hadi mwisho, akapata yadi 168. Tarehe 27 Oktoba 2002 akaipita rekodi ya Payton. Lakini mbele ya Smith kulikuwa na ukuta wa wakingaji bora kuliko wa timu yoyote ya wakati wake, na mbele kabisa, akifungua njia, alikuwa Daryl Johnston. Kazi ya Johnston ilikuwa kuingia kwanza na kugongwa kwanza. Mwaka 1999 shingo yake ikamlazimisha kuacha. Siku Smith alipoingizwa Canton mwaka 2010, alimtaja Johnston mbele ya umma akalia machozi. Naona alijua vizuri ni shingo ya nani iliyolipia sehemu ya miaka yake 15.

Tabibu naye ana fungu lake. Siku hizi kano iliyokatika haishonwi kama ya Sayers. Huingizwa kamera ndogo, na kano nyingine hupandikizwa mahali pake. Adrian Peterson wa Minnesota alikatika goti Desemba 24, 2011. Kabla ya miezi tisa kutimia alikuwa uwanjani, na msimu huo wa 2012 akapata yadi 2,097, pungufu nane tu ya rekodi ya msimu mmoja ambayo Eric Dickerson aliiweka 1984. Frank Gore alikatika magoti yote mawili angali chuoni Miami, timu nyingi zikamwogopa, naye akacheza misimu 16, michezo 241, mpaka umri wa miaka 37, akafunga daftari kwa yadi 16,000 kamili. Hakuongoza ligi hata mwaka mmoja. Alikuwa akija kazini tu. Na Derrick Henry alipata yadi 1,921 mwaka 2024 akiwa na miaka 30, umri ambao Brown alikuwa amekwisha toka. Mwaka huo huo Saquon Barkley wa Philadelphia alifika 2,005, zikabaki 100 kumfikia Dickerson. Mchezo wa mwisho mwalimu akampumzisha, na Februari akanyanyua Super Bowl. Kumbe wapo walimu waliojifunza kuhesabu.

Ukinibana nimtaje mmoja, kwa nguvu na kwa akili ya kuondoka nampa Brown. Kwa kudumu nampa Payton, wala si Smith, kwa kuwa Payton miaka mingi alikimbia bila ukuta.

Nilimpigia mjukuu wangu Ijumaa, nikamweleza yote haya. Alisikiliza kwa adabu. Habari za Campbell alikuwa hazijui, akaomba nirudie. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Babu, yule aliyemkingia Smith, shingo yake ilipona?"

Nikamwambia ilipona, baadaye akawa mtangazaji wa michezo katika televisheni.

"Basi mimi nitaomba nafasi ya kukinga."

Nilimsikia mamake nyuma akisema "La ilaha illallah," na simu ikakatika. Fomu, mpaka naandika haya, iko juu ya friji, haijatiwa sahihi.